Mastodon: mtandao ambao kila seva hujichagulia majirani

Mastodon, mtandao wa kijamii uliobuniwa Ujerumani na Eugen Rochko na kuzinduliwa mwaka 2016, hauna mmiliki mmoja anayeamua nani aongee. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watumiaji, zinazojitegemea na kubadilishana ujumbe, na msimamizi wa kila seva anaweza kukata mawasiliano na seva yoyote. Uwezo huo ndio ninaousifu zaidi, ingawa nami umewahi kuniumiza.

Uzuri wake ulionekana Julai 2019, Gab, mtandao wa kijamii uliopendwa na watu wa mrengo mkali wa kulia, ilipohamia kwenye programu ya Mastodon. Gab ndiko alikoandika mshambuliaji wa sinagogi la Pittsburgh muda mfupi kabla ya kuua watu 11, Oktoba 2018. Kwa kuwa programu hiyo ni huria, hakuna aliyeweza kuwazuia Gab wasiitumie, lakini pia hakuna aliyelazimika kuwapokea. Seva nyingi ziliwafungia, na waundaji wa Tusky, programu ya simu, wakazuia watu kuingia Gab kupitia kwao, hatua iliyokuwa na uzito kwa sababu programu ya Gab yenyewe ilikwisha kukataliwa na maduka ya Apple na Google. Gab waliendelea kuongea, ila kwao.

Kazi ngumu ni kwa jirani wa jirani: seva ambayo yenyewe haienezi chuki, lakini inasita kuwafukuza wachache wanaoieneza. Msimamizi wangu aliikata seva ya namna hiyo, na asubuhi moja nikakuta watu tisa niliokuwa nikiwafuata wametoweka, akiwemo mama mmoja ambaye kila Ijumaa alikuwa akiweka picha za mikeka anayosuka. Kosa lake yeye lilikuwa kujisajili mahali pasipofaa, na sikupata hata nafasi ya kumuaga.

Naona adhabu hiyo ilizidi, kwa sababu Mastodon ina hatua nyepesi zaidi, ya kuibana seva: machapisho yake hayasambai hadharani, lakini anayewafuata watu wa huko huendelea kuwaona. Kwa seva zinazovumilia chuki, hiyo ingetangulia pamoja na onyo, na ukataji kamili ungeachiwa seva zinazoieneza na wasimamizi wanaoonywa wakakaidi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kabla ya kujisajili, fungua ukurasa wa maelezo ya seva. Wasimamizi makini huorodhesha hapo seva walizozifungia, pamoja na sababu.