Kusaka letaboksi St. Augustine, Florida: inalipa au unapoteza muda?

Nianze na maksi kabisa ili asiye na muda aondoke nazo: nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya unyevu, nitafika huko.

Kwa wasioujua huu mchezo, ni hivi, mtu anaficha kikopo kidogo cha plastiki mahali, hicho ndo letaboksi lenyewe, ndani anaweka muhuri wa raba ambao mara nyingi kauchonga mwenyewe, pamoja na daftari, halafu anaandika vidokezo mtandaoni, kwa Marekani vingi utavikuta Atlas Quest na Letterboxing North America. Wewe unakuja na muhuri wako, wino wako na daftari lako, ukikipata unagonga wa kwao kwenye daftari lako na wa kwako kwenye la kwao, unafunga unarudisha palepale. Hakuna zawadi na hakuna kubeba kitu, basi. Ulianzia Dartmoor huko Uingereza mwaka 1854, mtembeza wageni anaitwa James Perrott aliacha chupa pale Cranmere Pool watu waweke kadi zao, Wamarekani wengi wamekuja kuujua 1998 baada ya jarida la Smithsonian kuuandika.

Sasa kwa nini St. Augustine? Maana mji wenyewe ni wa 1565, Wahispania ndo waliuanzisha, na vidokezo vinatungwa humohumo kwenye vitu vya zamani. Yaani kidokezo hakikwambii nenda mtaa fulani, kinakwambia tafuta kibao chenye mwaka fulani, jumlisha tarakimu, hizo ndo hatua zako. Kwa hiyo unajikuta unasoma vibao ambavyo siku zote ungevipita. Tulishapanda kale katreni ka watalii, mtu anaongea kwenye maiki mwanzo mwisho, unashuka hukumbuki hata robo. Hapa kile ulichokisoma unakikumbuka kwa sababu ulikihitaji.

Kuna kimoja kilitutaka tuanzie kwa wale simba wawili wa marumaru pale Bridge of Lions, lile daraja la 1927, tuwape mgongo tushike dira tuhesabu hatua. Ugomvi ukaanza hapo. Hatua za nani? Mimi mfupi, mwenzangu twiga, kila mtu kaishia kwenye mti wake na kila mtu ana uhakika. Wanaotunga vidokezo wangeandika tu "hatua za mtu wa kawaida" lakini hawaandiki, mkubaliane mapema nani anahesabu.

Ngome ya Castillo de San Marcos mwende hata kama hakuna boksi, na kusema kweli msitegemee kulikuta humo, eneo lile liko chini ya hifadhi za taifa na kuficha kitu bila ruhusa hairuhusiwi, kwa hiyo msianze kupapasa kuta wala kuchimba majani. Kuta zenyewe ndo utamu. Wameijenga kuanzia 1672 hadi 1695 kwa kokwina, jiwe lililotokana na makombe ya baharini yaliyogandamana, laini laini hivi, na ndo maana mizinga haikuivunja, risasi ilikuwa inazama ukutani badala ya kupasua. Mwaka 1702 Waingereza kutoka koloni lao la Carolina waliizingira wiki kadhaa, watu wa mji wakajifungia ndani, mji ukachomwa ila ngome ikabaki.

Lakini kilichonifanya nitoe hizo maksi nne ni Fort Mose, eneo la ngome ya zamani, aisee. Kidokezo chetu cha mwisho kilituvuta kaskazini mwa mji, nje kabisa ya zile pilikapilika za St. George Street, na hapo ndo nikajua kwamba 1738 gavana wa Kihispania aliwapa makazi yao watu weusi waliotoroka utumwa huko Carolina, masharti yakiwa wawe Wakatoliki na washike silaha kuulinda mji. Kiongozi wao Francisco Menéndez alizaliwa Afrika Magharibi. 1740 palipiganwa vita hapo, halafu 1763 Florida ilipoangukia kwa Waingereza wengi wao wakahamia Cuba. Tulipokwenda sisi, pale ngome ya mwanzo ilipokuwa kwa macho uliona bwawa la majani na maji tu, ila ukishasoma huwezi kulitazama kama bwawa. Na katreni hakakututajia neno.

Haya, unyevu. Mji uko baharini, daftari nyingi tulizofungua zimeota ukungu, wino umekauka, kurasa zimeshikana. Na vimbunga, Matthew 2016 na Irma 2017 viliingiza maji mpaka mitaani, kwa hiyo boksi lililofichwa kabla ya hapo na hakuna aliyeripoti kulipata tangu wakati huo usilifukuzie, limeshakwenda. Angalia kwanza tarehe ya mtu wa mwisho kulipata, hiyo itakuokolea nusu siku ya kuzunguka kwenye jua.

Vitu vya kubeba: wino wako usikose, wa kwao usiutegemee kabisa. Kijiti cha kuchokolea kabla ya kuingiza mkono kwenye shimo, sisimizi wa Florida wanauma vibaya mno. Muhuri unaweza kuuchonga kwenye ufutio wa kawaida, ila herufi uzichonge kinyume. Na ukiwa katikati ya watu jifanye unafunga kamba za viatu, maana mtu mzima anayeingiza mkono kwenye kichaka karibu na jengo la serikali anaitiwa polisi.

Mkiwa na watoto na siku imeisha bila boksi, pale Castillo kuna muhuri rasmi wa hifadhi wenye tarehe, unagonga mwenyewe kwenye daftari bila malipo ya ziada. Huo hauibiwi na hausombwi na maji.