Gari la matangazo kwa fainali yetu ya ndondo, nawapa nyota tatu na nusu

Wadau mliouliza kuhusu hawa jamaa wa kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) yenye maspika wa huku Mbagala (jina siliweki hapa), tuliwachukua kutangaza fainali ya ndondo, yaani mpira wa mtaani, kule Charambe. Mshindi mbuzi, wa pili jezi, kiingilio bure, ila tulitaka watu wajae kweli kweli maana akina mama wa chipsi na wauza vinywaji walishatuchangia hela ya meza, wasipouza wanatuona matapeli.

Bei laki na nusu kwa siku, mafuta na jenereta juu yao, sio mbaya. Mziki mzito, singeli inapigwa mpaka mabati yanatetemeka, na wakifika karibu na msikiti muda wa swala wanazima bila kuambiwa, hapo nimewapenda.

Shida ni mdomo. Kijana wa maiki anapayuka tu "Jumapili sio ya kukosaaa, njoo na jirani", haya tunakuja, uwanja gani sasa? saa ngapi? Mpaka aje kutaja gari ishavuka nyumba tano na mama anayefua uani kasikia nusu. Ikabidi nimwandikie kwenye kikaratasi, mbuzi kwanza, halafu uwanja, halafu saa, arudie kila kona ndo aweke wimbo. Na muda nao, walitaka kuzunguka saa nne asubuhi, saa nne watu wako Kariakoo huko unamtangazia nani? Tukawahamishia saa kumi na moja jioni watu wakishuka kwenye daladala.

Ila kilichotuokoa ni pale tulipompandisha mbuzi mwenyewe nyuma ya gari, kafungwa utepe shingoni, anatafuna majani hana habari na mtu. Watu wakaanza kutoka nje kupiga picha, jioni ile status za WhatsApp zimejaa mbuzi wetu na wengine wanaulizana mechi lini, hatujalipia hata mia. Wakati Instagram tuliyolipia ilituletea laiki za watu wa Arusha na Mwanza, nani atapanda basi aje kuangalia ndondo Charambe jamani.

Msidharau haya mambo ya gari, Simba na Yanga wenyewe na majina yao wakitaka kuujaza uwanja wa Mkapa, watu 60,000 wale, bado wanaingia mitaani na magari ya hamasa.

Jumapili watu walijaa mpaka wengine wakapanda ukuta wa jirani, chipsi ziliisha kabla ya hafutaimu. Kwa hiyo wachukueni, ila MC njooni naye wenu, barua ya ruhusa ya serikali ya mtaa fuatilieni wenyewe maana wao wanasemaga tu "tushazoeana nao", na hela toeni nusu, nyingine gari likimaliza mzunguko.