Mbao za mlango wa mbele: ipi ununue, na namna ya kuihakiki kwa wembe na lenzi

Niliwahi kulipia mlango wa mninga ambao, fundi alipoupiga randa upande wa chini ili usikwame sakafuni, ulitoa maranda meupe yanayonukia utomvu wa msonobari. Rangi yote ilikuwa vanishi. Tangu siku hiyo sinunui mbao kabla ya kuikagua kichwani, yaani pale ilipokatwa kukingama nyuzi, kwa sababu hapo ndipo maumbile ya mti yanapoonekana, na hakuna rangi inayoweza kuyabadilisha.

Vifaa ni wembe mpya na lenzi ya kukuza mara 10. Msumeno huacha unga unaoziba kila kitu. Kwa hiyo nyoa sehemu ndogo, ya ukubwa wa ukucha, iloweshe kwa maji, kisha weka lenzi karibu kabisa na jicho na uisogeze mbao hadi ionekane vizuri. Utaona vitundu, ambavyo ni mishipa iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai. Tishu ya rangi hafifu inayovizunguka. Na miale, mistari myembamba inayotoka katikati ya gogo kuelekea kwenye gome.

Kwa mlango unaopigwa jua na mvua, ninaiweka mninga nafasi ya kwanza bila kusita. Hunywea kidogo sana inapokauka, hivyo mlango uliofungwa vizuri kiangazi hautagoma kufunguka masika, na kiini chake hustahimili mchwa. Vitundu vyake vikubwa huonekana hata bila lenzi, na tishu hafifu hutoka ubavuni mwa vitundu kama mabawa, mabawa hayo yakiungana kuwa mistari ya mawimbi. Alama ninayoiamini zaidi iko kwenye uso wa mbao iliyopasuliwa sambamba na gome: miale ya mninga ni mifupi na imejipanga kwa safu, nayo hufanya mikunjo myembamba inayofanana na mchanga baada ya maji kupwa. Ukiwa bado na shaka, loweka maranda machache katika glasi ya maji safi na uitazame juani mbele ya kitambaa cheusi. Maji hayo hung'aa kibuluu. Kataa kipande chenye ukingo mweupe, kwani sehemu hiyo ya nje haina ukinzani wa kiini na wadudu huitoboa. Fundi naye avae barakoa, maana vumbi la mninga huwasha pua na huweza kuamsha pumu.

Mvule ni wa pili, na kwa fremu inayogusa ukuta wenye unyevu unatosha kabisa kushindana na mninga. Ukiwa mpya una rangi ya manjano, kisha hugeuka kahawia kadiri unavyopigwa na mwanga. Tishu yake hafifu ni pana na huonekana waziwazi ikivikumbatia vitundu, lakini mikunjo ile ya mchanga hutaiona. Uzito wa kazi uko kwa seremala: ndani ya mvule mara nyingine hujijenga chokaa ngumu kama jiwe, ambayo hung'oa meno ya msumeno.

Mtiki, ambao wengine huuita msaji, ni wa tatu kwa ubora wa mbao tunazopata, ingawa kwa anayejali misitu ya asili ningemwambia aanze nao, kwa kuwa hupandwa, kama ilivyo Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Vitundu vikubwa hujipanga mstari mmoja mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, mbao hushikika kana kwamba imepakwa mafuta, na hunukia ngozi. Miti iliyovunwa michanga huwa na sehemu nyeupe nyingi, chagua kiini.

Mkangazi ununue kwa milango ya vyumbani. Ni mwekundu kiasi cha kuuzwa kwa jina la mninga, ila vitundu vyake vina tishu hafifu kidogo mno pembeni, na vingi vimejaa gundi nyekundu iliyoiva. Msonobari ni wa mwisho, nao ndio rahisi kuliko yote kuutambua: hauna vitundu vya mishipa hata kimoja, bali nyuzi nyembamba zilizosongamana na vijia vichache vya utomvu. Ukitiwa dawa vizuri unafaa sana kwenye paa.

Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliiweka mininga na mikangazi ya Afrika katika Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo kuvusha magogo au mbao zake mpakani kunahitaji kibali. Hata unaponunua karibu na nyumbani, mwombe muuzaji akuonyeshe hati ya kusafirishia mazao ya misitu, usome jina la mti lililoandikwa humo, kisha ulilinganishe na ulichokiona kwenye lenzi kabla ya kutoa fedha.