Vanishi ya floraidi kwa mtoto mdogo: naipa nyota 4

Wazazi wenzangu, hii vanishi ya floraidi (dawa wanayopaka kwa daktari wa meno kukinga meno yasioze) mi naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyobana sio kosa la dawa, ni huduma, ntafika huko.

Aliyepakwa ni binti yangu, hajafika miaka miwili. Meno ya juu ya mbele yalikuwa na mstari mweupe usiong'aa umefuata ufizi, yaani mpaka ukaushe jino na kitambaa ndo unauona vizuri. Daktari akasema hapo enameli, yaani lile gamba gumu la nje la jino, imeanza kupoteza madini ila haijatoboka, na hatua hiyo bado inarudishika, ikishatoboka ndo basi manake enameli haioti tena. Nikauliza mbona ya chini mazima? Kumbe ya chini yanalindwa na ulimi na mate, ya juu ndo yanayokaa na maziwa usiku kucha mtoto akilala na chupa mdomoni. Alafu enameli ya meno ya utoto ni nyembamba kuliko ya haya yetu, kwahiyo uharibifu ukianza hauchelewi.

Kupaka kwenyewe ni dakika chache, hakuna sindano wala mashine ya kupiga kelele. Mzazi na daktari mnakaa mmetazamana magoti yamegusana, mtoto unampakata anakuangalia wewe, alafu mnamlaza kichwa kiende mapajani kwa daktari. Atalia, wangu alilia sana tu, na kusema ukweli akilia ndo mdomo unafunguka vizuri. Meno yanafutwa, dawa inapakwa na kibrashi, ikikutana na mate inaganda hapohapo ndo maana hata ambaye hajui kutema anapakwa. Sisi tulipakwa vanishi inayoitwa Duraphat, ina floraidi 22,600 ppm (yaani sehemu 22,600 kwa kila milioni) wakati dawa ya mswaki ya watoto nyingi ni 1,000 hivi, namba inatisha ila kinachotumika ni kidogo mno na kinang'ang'ania kwenye jino. Rangi yake njano, mkiwa na mpango wa picha msiende siku hiyo 😂

Sasa ile nyota. Tulitoka pale bila maelezo yoyote zaidi ya tarehe ya kurudi, ikabidi nipige simu kuuliza, ndo naambiwa asipigwe mswaki mpaka kesho yake, na kwa masaa kadhaa ale vitu laini visivyo vya moto. Na hakuna aliyeniuliza kama mtoto ana pumu!! Hiyo dawa ina utomvu wa msonobari, karatasi yake inasema mwenye pumu asipakwe. Wangu hana, lakini angekuwa nayo je? Kwahiyo we sema mwenyewe kabla hawajafungua kichupa.

Matokeo: msitegemee weupe ufutike. Wetu upo bado, ila sehemu ile imeanza kung'aa na daktari akipitisha kifaa anasema pamekuwa pagumu, haijasogea mbele, na hicho ndo kilichotupeleka. Inarudiwa kila baada ya miezi 3 mpaka 6 kutegemea hali ya mtoto. Ila nyumbani msipobadilika ni kazi bure, chupa ya usiku iwe maji tu, mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, akimaliza afutwe tu asisukutue, ile inayobaki ndo inafanya kazi. Zile zilizoandikwa hazina floraidi eti kwa sababu ni za watoto, kwa jino lenye madoa tayari mi siwezi kuzinunua.

Kuna watoto meno yanatoka tayari yana vishimo au mabaka, hasa waliozaliwa njiti au walioumwa sana meno yakiwa bado yanatengenezeka, hao wapelekeni mapema manake vanishi inasaidia kulinda ila haizibi kitu. Na kama kuna tundu la kahawia tayari, uliza ile dawa nyingine yenye madini ya fedha, inasimamisha kuoza bila kuchimba jino, ila palipooza panabaki peusi tii mpaka jino ling'oke, na meno ya mbele yanaonekana kila akicheka, kwahiyo omba uonyeshwe picha kwanza kabla hujakubali.