Kamusi ya Merriam-Webster, nimeipima kwa neno «mesial»

Namsaidia daktari wa meno katika kabine moja ya Ibanda, hapa Bukavu. Tulisoma kwa Kifaransa, lakini video nyingi za mafunzo na maelezo ya vifaa hutufikia kwa Kiingereza, na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lugha hiyo hatuwezi tena kuikwepa. Kamusi ninayofungua kila siku ni ya Merriam-Webster, ile ya kwenye intaneti. Hailipiwi.

Kamusi yoyote ya Kiingereza naijaribu kwa mesial. Vile vitabu vidogo vya mfukoni vinavyouzwa kandokando ya barabara, neno hilo likiwemo, vinakupa «-a katikati» na kukuacha hapo. Si uongo. Limetoka kwa mesos ya Kigiriki, ndiyo hiyo iliyomo ndani ya Mesopotamia, nchi iliyo kati ya mito. Ila mbele ya mgonjwa jibu hilo ni hatari! Tundu lililoandikwa mesial haliko katikati ya jino. Liko ubavuni, upande unaoelekea mstari wa kati wa taya, pale meno mawili ya mbele yanapokutana. Chukua jino namba 46, gego la kwanza la chini kulia. Ubavu wake wa mesial ndio unaogusana na 45, jino lililo mbele yake. Ule wa kuelekea 47, gego la nyuma yake, huitwa distal. Fuata upinde wa taya, hutapotea. Katikati penyewe, juu ya gego panaposaga chakula, pana jina lingine kabisa: occlusal.

Merriam-Webster inatoa maana zote mbili, ya jumla na ya meno, na ya meno imeelezwa vizuri hata mtu asiye wa fani anaweza kuonyesha ubavu wenyewe kwa kidole. Kwa hilo peke yake naisifu. Tena kuna sauti: ukibonyeza alama ya spika unasikia «mi-zi-ol», wakati sisi wa Kifaransa ulimi unakimbilia «mezial».

Mwanafunzi asije akalibeba neno hili mtaani. Kiti cha katikati ni middle, basi. Na kwenye goti madaktari husema medial, kwa upande wa ndani.

Anayeanza Kiingereza atapata taabu, kwa kuwa maelezo yote ni Kiingereza kwa Kiingereza: bila kujua jaw na surface, maana ya mesial haifunguki. Huyo aanze na kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, kisha aje huku. Pia ukurasa unahitaji mega. Mimi maneno ya kazi nayanakili kwenye daftari la kabine, ili bando likiisha tusikwame.

Nyota nne kati ya tano. Wauguzi na wanafunzi wa meno wa Bukavu, ninyi ndio wa kwanza kuihitaji.