Uzoefu wangu: Grand Portage, kituo cha kale cha biashara ya manyoya

Kwa anayeishi Minnesota, Marekani, au anayepita huko majira ya joto, Grand Portage inastahili safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Duluth, kando ya Ziwa Superior. Kiingilio hakuna. Majengo yaliyo ndani ya ua wa magogo yamejengwa upya pale pale yalipokuwa makao ya North West Company, kampuni ya wafanyabiashara wa Montreal, iliyokusanya hapa ngozi za biva, mnyama wa majini ambaye manyoya yake laini yalitengenezewa kofia huko Ulaya, kabla ya kuhamia upande wa Kanada mwaka 1803.

Ukumbi Mkuu walimokutana wakubwa wa kampuni unapendeza, lakini sikukaa sana humo. Kilichonivutia ni banda la mitumbwi. Ukiusogelea mtumbwi wa magome ya mbetula, unaona vipande vilivyoshonwa kwa mizizi ya miti, na juu ya kila mshono utomvu mweusi uliochanganywa na mafuta na makaa yaliyosagwa ili maji yasipenye. Mhudumu aliyevaa mavazi ya enzi hizo alinionyesha ukanda wa ngozi unaopitishwa kwenye paji la uso, kama akina mama wa Mlima Kenya wanavyobeba kuni, akanieleza kwamba kila mpagazi alitwikwa mafurushi mawili, kila moja la kilo 41 hivi, na kuyapeleka umbali wa takriban kilomita 14 hadi Fort Charlotte, kituo cha kampuni juu ya maporomoko, kwa kuwa maporomoko ya Mto Pigeon hayapitiki kwa chombo.

Ninalolithamini zaidi ni kwamba Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, hawakuwekwa pembeni. Jamii yao ndiyo iliyotoa ardhi hii hata ikatangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1958, na hadi leo inashiriki kuiendesha. Bila ufundi wao wa mitumbwi, mawindo yao, mchele pori wao na njia waliyoikanyaga kabla ya Mzungu yeyote kufika, wafanyabiashara wa Montreal wasingeweza kitu, na ukweli huo unastahili kuelezwa kwanza.

Majengo ya kale hufungwa katikati ya Oktoba, ingawa jumba la wageni hubaki wazi. Anayetaka kuitembea njia yote ya wapagazi aanze asubuhi na abebe maji ya kutosha. Mwenye nafasi ya safari moja tu aende Agosti, wakati wa ngoma na mkutano mkubwa wa kila mwaka.