Programu nzuri, ila mapokezi kwa anayetaka kusaidia ni mabovu

Programu yenyewe naipa nyota 4, nimeiandikia noti zangu miaka mitatu, nyepesi, ya bure, haisumbui. Mapokezi kwa mtu anayetaka kuchangia nayapa nyota 1, na hayo ndo nataka kuyaongelea.

Ilikuwa hivi, ukiweka kale kaalama ka kwenye ng'ombe ndani ya jina la faili inagoma kusevu. Nikafungua msimbo wake (maandishi yanayoiendesha programu, yako wazi na yeyote anaweza kutuma marekebisho), nikahangaika wikendi nzima mpaka nikaipata mistari mitatu inayoleta shida, nikairekebisha, nikaandika na testi ya kuhakikisha inafanya kazi, nikawatumia wasimamizi. Wiki tano kimya. Hilo silalamikii kabisa, watu wanajitolea, wana kazi na familia zao. Halafu jibu likaja: "Soma maelekezo." Basi, wamelifunga ombi langu. Na maelekezo nilishayasoma mara mbili, nikayarudia neno kwa neno, mpaka leo sijaona nilipokosea. Mwezi uliofuata likatoka toleo jipya, mistari ileile mitatu imo, ina jina la mmoja wao. Jamani iliniuma. Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inatunza jina la aliyeandika na jina la aliyeingiza, kila moja na sehemu yake, kwa hiyo kuliacha jina langu pale kusingewagharimu chochote.

Kuna wanaosema ukali ndo unalinda ubora, mi sikubali. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaochangiwa na watu wengi, alijulikana kwa kufokea watu, Septemba 2018 akaomba radhi hadharani akapumzika kidogo, mwezi huohuo mradi ukapitisha kanuni za maadili, na msimbo mbovu bado unakataliwa kama zamani.

Kukataliwa sio tatizo. Kuna mradi mwingine, mdogo tu, nao walinikatalia, ila msimamizi akaandika: "Asante kwa muda wako, hii hatuwezi kuiweka maana itaharibu mafaili ya toleo la zamani, ila kuna hitilafu jirani na hapo kama bado una nguvu." Kuandika hivyo hata dakika mbili haziishi. Usiku uleule nikakaa na hiyo hitilafu, na mpaka sasa nimeshawatumia marekebisho manne, mawili yameingia, na juzi wameniomba nipitie kazi ya mgeni mwingine, nimeisoma yote mpaka mwisho kabla sijamwandikia kitu.